Sura ya Tano: Haki ya Kuonya na Wajibu wa Kusikia

Katika madaraka yote ambayo mwanadamu ameyakabidhi kwa mashine, hakuna yaliyotolewa kwa wepesi kama idhini ya kumkatiza mtu kazini. Mkuu wa ofisi akitaka kumtoa karani wake katika hesabu anayoiandika hana budi ainuke kitini, aende hadi mlangoni, apige hodi, na pengine aone haya akimkuta mwenziwe amezama katika tarakimu; lakini programu ya kompyuta au ya simu humkatiza karani huyohuyo bila ya kuinuka, bila ya hodi na bila ya haya, ikamtangazia kwa mlio na nukta nyekundu kwamba kuna hati inayongoja sahihi yake, kwamba kikao cha alasiri kimeahirishwa, kwamba mtu asiyemjua amejiunga na kikundi cha kazi, na kwamba programu yenyewe imevaa sura mpya. Siku moja, katikati ya hayo yote na kwa mlio uleule, itamwambia kwamba chumba cha mitambo kinawaka moto.

Wingi huo hautokani na uovu wa watengenezaji. Kila arifa, ikitazamwa peke yake, ina wakili wake: mhasibu aliyeomba akumbushwe tarehe ya mishahara, mwanasheria aliyetaka pawe na ushahidi kwamba mtumiaji alionywa, meneja aliyepatwa na hasara mwaka jana akaapa kwamba haitampata tena pasipo yeye kupashwa habari. Anayeiongeza halipi chochote; anayelipa ni mpokeaji, na mali anayolipia ni nadhari yake, ambayo haina akiba wala mkopo. Nia ya sura hii ni kubainisha kwamba arifa na maoni ya watumiaji, ambayo aghalabu huwekwa katika idara mbili na kutunzwa na watu wasiojuana, ni nusu mbili za mazungumzo yaleyale, na kwamba chombo kinachosema na watu bila ya kusikia jawabu lao hatimaye hupoteza hata uwezo wa kusema.

Wahenga wa pwani walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ile haikupata heshima kwa ukubwa wa sauti, maana ngoma za harusi ziliipita kwa kishindo. Iliipata kwa uchache wa kulia kwake, na kwa yakini ya watu kwamba nyuma ya mlio yupo mtu mwenye dhima na neno lenye uzito. Lau ingalilia kila mara mtu alipopotelewa na kuku, mji ungaliizoea kabla ya mwezi kuandama, na siku ya adui ingalilia bure.

Jambo hilo lilithibitika kwa moto huko Wales, siku ya Jumapili tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco kilichokuwa Pembroke, karibu na bandari ya Milford Haven. Asubuhi ya siku hiyo tufani ya radi iliuvuruga mtambo, na kwa muda wa saa tano hivi waendeshaji walishindana nao ili waurudishe katika utaratibu, pasipo kutambua kwamba vali moja iliyooneshwa katika skrini zao kuwa wazi ilikuwa imefungwa, na kwamba mafuta yalikuwa yakiingia katika chombo kimoja bila ya kupata njia ya kutokea. Saa saba na dakika 23 mchana bomba lilipasuka, tani 20 hivi za mafuta na mvuke wake zikavuja, zikapata moto na kulipuka. Watu 26 walijeruhiwa, na kwa rehema ya Mungu hakufa hata mmoja. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walipoyachunguza yaliyopita walikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko waendeshaji wawili walikuwa wamefikiwa na indhari 275, yaani moja katika kila sekunde mbili au tatu, na kila moja ilitaka iguswe ili inyamaze.

Ndani ya gharika hiyo ilikuwamo indhari ya kweli, iliyosema kwamba pipa la gesi za kuchomwa limejaa kupita kiasi, nayo haikushughulikiwa. Asidhani msomaji kwamba watu wale walikuwa wazembe. Mtu aliyepewa sekunde mbili kwa kila onyo hana wakati wa kuonyeka. Kazi yake hugeuka ikawa ni kunyamazisha, na mkono unaonyamazisha haubagui lililo kubwa na lililo dogo. Ukizidisha maonyo unayapunguza, na ukiyazidisha mno unayafuta.

Funzo hilo halikupotea. Mwaka 1999 chama cha Uingereza cha watumiaji wa vifaa vya kihandisi, kijulikanacho kwa kifupisho cha EEMUA, kilitoa mwongozo wake namba 191, ambao umekuwa rejea katika viwanda vya nchi nyingi. Mwongozo huo ulikadiria kwamba mwendeshaji mmoja, katika hali ya kawaida ya mtambo, asipate zaidi ya indhari moja katika kila dakika 10. Na ukashauri kwamba katika kila indhari 100 zinazowekwa, zisizidi 5 hivi zitakazopewa daraja la juu, 15 ziwe za wastani, na 80 zilizobakia ziwe za chini. Na alinganishe msomaji kipimo hicho, kilichowekwa kwa ajili ya watu wanaolinda mafuta yanayochemka, na simu iliyo mezani pake, yenye vikundi vya WhatsApp vya idara, vya mradi, vya msiba na vya mchango wa harusi, vyote vikilia kwa daraja moja. Kisha ajiulize ni yupi kati ya wawili, mwendeshaji wa mtambo au yeye mwenye simu, anayelindiwa nadhari yake.

Lakini uchache peke yake hautoshi, kwa kuwa onyo laweza kuwa moja tu na bado lisiwe na maana kwa anayelipokea. Hapa panafaa kisa cha mtambo wa Therac-25, uliotengenezwa na shirika la nishati ya atomiki la Kanada kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Mitambo 11 ya namna hiyo ilifungwa katika hospitali za Kanada na Marekani, na kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi iliyopita kiasi kwa mbali, baadhi yao wakafa kwa sababu yake. Mtambo huo uliongozwa na kompyuta, nayo ilikuwa na tabia ya kusimama mara kwa mara na kuandika neno la hitilafu likifuatwa na nambari. Nambari hizo hazikufafanuliwa katika kitabu cha mwongozo alichopewa mwendeshaji. Alichojua yeye, kwa mazoea ya kila siku, ni kwamba akibonyeza herufi P mtambo huendelea na kazi, na kwamba mara nyingi hakutokea dhara.

Tarehe 21 Machi 1986, katika kituo cha saratani cha mji wa Tyler, Texas, mwendeshaji mzoefu alimwandalia mgonjwa tiba ya mgongo. Kwa kuteleza kwa kidole aliandika herufi ya eksirei mahali pa herufi ya elektroni, akatanabahi, akarudi juu kwa haraka, akasahihisha, akaamrisha tiba ianze. Mtambo ukasimama na kuandika: hitilafu ya 54. Skrini ikaonesha kwamba dozi iliyotolewa ni ndogo kuliko ilivyokusudiwa. Mwendeshaji, kama alivyofanya siku nyingi, akabonyeza P. Kumbe ule wepesi wake wa kusahihisha ulikuwa umeichanganya programu, hata sehemu moja ya mtambo ikajipanga kwa eksirei na nyingine kwa elektroni; na mgonjwa, aliyekuwa peke yake katika chumba kilichozibwa, alipigwa kwa nguvu takribani mara 100 ya ile aliyoandikiwa na daktari, akajaribu kuinuka, akapigwa tena. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa haikuunganishwa, na chombo cha kusikilizia kilikuwa kibovu. Alijulikana kuwa yu mashakani alipougonga mlango kwa mikono yake, na baada ya miezi mitano hivi alifariki.

Hitilafu ya 54 ilikuwa na maana gani? Kwa walioiandika programu ilimaanisha kwamba dozi iliyotoka haikulingana na iliyotakiwa, ama imezidi mno ama imepungua mno. Onyo lisiloweza kumwambia mlinzi kama nyumba imefurika au imekauka, na ambalo humwachia papo hapo kitufe cha kuendelea, haliwi onyo bali ni mtihani aliotegewa asiyejua somo. Na mtengenezaji aliyelitunga angeweza kusema mbele ya hakimu, bila ya kusema uongo, kwamba mtambo ulikuwa umeonya. Zipo arifa nyingi za namna hiyo katika ofisi zetu, zilizowekwa ili kumkinga anayezituma na wala si kumkinga anayezipokea, na dalili yake ni hii: hazibadili chochote katika mwenendo wa mtu ila hubadili mahali pa kutupia lawama.

Sehemu ya pili ya kisa hicho inahusu sikio. Kabla ya msiba wa Tyler, hospitali moja ya jimbo la Washington ilikuwa imemwandikia mtengenezaji kuhusu mgonjwa aliyetokewa na alama za kuungua, ikajibiwa, baada ya kile kilichoitwa uangalifu mkubwa, kwamba dhara lile haliwezi kuwa limetokana na mtambo wala na kosa la mwendeshaji. Hospitali ya Tyler nayo ilipouliza kama mahali pengine pamewahi kutokea ajali kama hiyo, iliambiwa kwamba mtengenezaji hana habari ya ajali yoyote, ingawa malalamiko yalikuwa yamekwisha kumfikia. Mafundi waliutazama mtambo, hawakuona ila, ukarudishwa kazini tarehe 7 Aprili; na tarehe 11 ya mwezi huohuo mgonjwa wa pili akapigwa mumo humo, kwa hitilafu ileile ya 54.

Aliyekifumbua kitendawili hicho hakuwa mtengenezaji. Mwanafizikia wa hospitali aliketi na yule mwendeshaji, wakayarudia mambo yaliyotendeka herufi kwa herufi, hata wakagundua kwamba kosa hutokea pale mtu anaposahihisha kwa kasi ya mkono uliozoea, ndani ya sekunde zipatazo 8. Wajaribuji waliokuwa wakiandika polepole, kwa tahadhari ya mgeni, wasingaliweza kuliona milele. Na mwezi wa Agosti mwaka huo watumiaji wa mtambo, waliokuwa hawajui kwamba wenzao wana mashaka yaleyale, walikutana na kuunda umoja wao ili wapashane habari wao kwa wao, kwa kuwa mlango waliopaswa kuupitia ulikuwa umefungwa. Maarifa ya kuuponya mtambo yalikuwa katika vidole vya mtumiaji, na kilichokosekana ni mtu wa kumsikiliza kabla ya maziko.

Ili asije msomaji akadhani kwamba nambari kavu ni laana siku zote, na atazame upande wa pili. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipokuwa wakishuka mwezini, kompyuta ya chombo chao ilitoa king'ora na kuonesha nambari 1202, ambayo wao wawili hawakuijua maana yake. Armstrong akaomba tafsiri, na baada ya sekunde chache tu kituo cha uongozaji cha Houston kikawajibu waendelee. Wepesi wa jawabu hilo haukuwa bahati. Mapema mwezi huohuo, katika zoezi la kuigiza safari, nambari ya jamii hiyohiyo ilitokea, na kijana Steve Bales aliyesimamia uongozaji wa chombo akaamuru safari ikatizwe bila ya haja. Mkuu wake, Gene Kranz, akaagiza kila king'ora kichunguzwe na kuwekewa kanuni. Jack Garman, mhandisi wa programu, akaandika orodha kwa mkono wake, akaiweka mezani. Siku ya siku alijua kwamba 1202 ni kilio cha kompyuta iliyolemewa, inayoacha kazi ndogo ili ishike kubwa, na kwamba maadamu hailii mfululizo hapana hatari. Nambari ile ilikuwa kavu kama ile ya Therac-25. Tofauti ni kwamba nyuma yake palikuwa na mtu aliyeijua, na palikuwa na zoezi ambalo makosa yake yalisikilizwa na kufanyiwa kazi.

Namna ya kusikiliza inahitaji ujenzi kama inavyouhitaji namna ya kuonya. Tarehe 1 Disemba 1974 ndege ya shirika la TWA, iliyokuwa ikielekea uwanja wa Dulles karibu na jiji la Washington, iligonga mlima katika jimbo la Virginia na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Rubani alikuwa ameifahamu ruhusa ya kukaribia uwanja kwa maana isiyokuwa ya waongozaji wa ndege. Uchunguzi ulibainisha kwamba wiki sita kabla yake marubani wa shirika la United walikuwa wameponea chupuchupu mahali palepale kwa kutofahamiana kulekule, wakaripoti, na shirika lao likawatahadharisha marubani wake. Ila hapakuwa na njia ya habari hiyo kuwafikia marubani wa mashirika mengine. Kutokana na huzuni hiyo mwaka 1976 ulianzishwa Marekani utaratibu wa taarifa za usalama wa anga, ambao mamlaka ya usafiri wa ndege iliugharimia lakini ikaukabidhi kwa NASA, ili anayeripoti asimwandikie yule mwenye uwezo wa kumnyang'anya leseni. Jina la mtoa habari huondolewa, taarifa husomwa na watu wanaoijua kazi, maonyo hupelekwa kwa wanaohusika, na mafunzo hurudishwa kwa marubani wote katika jarida dogo. Mambo manne hayo, yaani amani ya msemaji, ujuzi wa msikilizaji, kitendo kinachofuata na jawabu linalorudi, ndiyo nguzo za kila utaratibu wa maoni, na ukiiondoa moja jengo zima huegemea upande.

Sasa na tuyalete hayo katika programu ya kazi, iwe ya benki, ya hospitali, ya ghala au ya shule. Anayetaka kuongeza arifa na aulizwe kwanza: ataipokea nani, naye atafanya nini akiisha kuipokea? Ikiwa jawabu ni kwamba hatafanya lolote ila kujua, hiyo ni habari, na mahali pake ni katika muhtasari wa jioni, usomwe kwa nafasi. Ikiwa atafanya jambo, lakini si lazima sasa, hilo ni kumbusho, na lingoje bila ya kulia. Kinachobakia, ambacho kikicheleweshwa kitaleta hasara, ndicho kinachostahili mlio. Nacho kipelekwe kwa mtu mmoja mwenye dhima, na mwingine wa kumpokea asipojibu, kwa sababu linalopelekwa kwa wote kila mmoja hudhani limekwisha kushughulikiwa na mwenziwe. Maneno yake yaseme kimetokea nini, kwa nini ni muhimu, na hatua ipi ichukuliwe. Na kitufe cha kuendelea kisiwe chepesi kuliko kitufe cha kusimama, pale ambapo kuendelea kwaweza kudhuru.

Fauka ya hayo, aliyepewa uwezo wa kutangaza apewe pia uwezo wa kutangua. Tarehe 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za watu wa Hawaii zilipokea tangazo la serikali kwamba kombora linakuja, na kwamba hilo si zoezi. Lilikuwa ni kosa. Lakini hapakuwa na tangazo la kukanusha lililoandaliwa, hata zikapita dakika 38 za fadhaa kabla ya simu zilezile kuletewa habari ya kwamba hapana kombora. Utaratibu unaojua kutisha na haujui kutuliza haujakamilika.

Kwa upande wa maoni, njia iwe karibu na jambo lenyewe, ili aliyeudhiwa au aliyesaidiwa na arifa aweze kulisema papo hapo, na asitumwe kutafuta fomu ndani ya menyu. Maoni yakifika yasipimwe kwa ukali wa sauti, kwa kuwa mlalamikaji hodari aghalabu ni mtu mwenye nafasi, ilhali muuguzi wa zamu ya usiku na mtunza ghala mwenye foleni mlangoni huvumilia kimya. Tena ugonjwa utenganishwe na dawa, maana mtumiaji ni mkweli sana anaposema panapomuuma, lakini tiba anayoipendekeza pengine ni ya kwake peke yake. Na kila aliyesema ajibiwe, hata kama jawabu ni hapana pamoja na sababu yake. Mfanyakazi aliyeandika mara mbili asijibiwe haandiki mara ya tatu, na ukimya wake huhesabiwa na wakubwa kuwa ni ridhaa.

Kuna watakaopinga kwamba afadhali arifa 1,000 za bure kuliko kukosekana moja ya kweli. Hoja hiyo ingekuwa na insafu lau mtu angekuwa na masikio yasiyochoka. Kwa kuwa hana, zile 1,000 ndizo zinazoiua ile moja, kama ilivyouawa huko Milford Haven. Na anayezitetea kwa jina la usalama amechanganya usalama wa watu na usalama wa kumbukumbu zake.

Limebaki jambo moja ambalo kwa rai yangu ndilo kiungo cha sura nzima. Tumezoea kudhani kwamba maoni ni yale yaliyoandikwa kwa maneno. Kumbe mtu anayefuta arifa bila ya kuisoma, anayezima mlio wa kikundi, anayebonyeza P kwa mazoea, amekwisha kutoa maoni yake kwa lugha iliyo wazi kuliko dodoso lolote: anasema kwamba anayemsemesha amepoteza itibari. Programu yaweza kuzihesabu arifa hizo kwa urahisi, lakini ni wachache wanaoiamuru ifanye hivyo, kwa sababu hesabu yake haipendezi. Basi mtengenezaji anayetaka kuijua kazi yake asianze na barua za sifa. Na aichukue orodha ya arifa zilizofutwa bila ya kufuatwa na kitendo, aketi na wale waliozifuta kama yule mwanafizikia alivyoketi na mwendeshaji wake, awaulize pasipo kuwalaumu. Kisha kwa kila iliyomo achague moja kati ya mawili, kuitengeneza hata istahili kusikilizwa, au kuiondoa.